Kijijini Gujarat, kwa bibi anayesema sufuria

Sikua na mpango wowote wa kwenda kijijini India. Mi nilienda kusoma Vadodara, mji wa jimbo la Gujarat, na mwaka mzima wa kwanza India yangu ilikua chuo, hosteli, stesheni ya treni na duka la mzee mmoja anayeuza unga wa mahindi. Ilianzia jikoni. Siku hiyo nasonga ugali pale hosteli nikamwambia Mtanzania mwenzangu nipe hiyo sufuria nyingine, na jamaa mmoja wa darasani kwetu, Mgujarati, alikua kaja kuchota maji ya kunywa, akasimama ghafla akauliza umesema nini? Sufuria. Umelijulia wapi hilo neno? Nikamwambia ni Kiswahili hicho. Akabisha! Ety hapana, hicho ni Kigujarati, bibi yangu anaita hivyo hivyo toka nazaliwa. Nikamuuliza haya, kitu cha kufagilia mnaitaje kwenu? Fagio. Cha kukatia nyama, samahani, cha kukatia mboga? Kisu. Karanga je? Jugu. Muhogo? Mogo. Nilicheka mpaka ugali ukaungua. Kumbe miaka yote hiyo wenzake wakishangaa maneno yake ye alikua anajua ni lafudhi tu ya kijijini kwao. Usiku akapiga simu nyumbani, akarudi akaniambia "Ba anasema uje." Ba ndo bibi.

Basi Januari, chuo kilipofunga kidogo kwa ajili ya Uttarayan, ile sikukuu yao ya kurusha tiara ya tarehe 14, tukaondoka. Treni kutoka Vadodara mpaka Anand haifiki hata saa moja, ila tulisimama njia nzima, mguu mmoja wangu na mwingine sijui wa nani. Anand ndo kule ilikoanzia Amul, ule ushirika wa maziwa wa mwaka 1946, wakulima walichoka kuuza maziwa kwa bei ya mnunuzi mmoja wakagoma na kuanzisha chao. Tutarudi huko kwenye maziwa, maana ndo kitu kilichonifungua macho kuliko vyote.

Anand tukapanda basi la serikali. Konda alinikazia macho, halafu akaanza kunisemesha Kigujarati moja kwa moja, sio Kihindi wala Kiingereza, akataja Jambur. Mi nacheka tu kama zoba. Rafiki yangu ndo akanieleza, konda alijua mi ni Msidi, kuna watu wenye asili ya Afrika wamekaa upande wa Gir, huko huko Gujarat, karne na karne, Jambur ni kijiji chao, wanaongea Kigujarati kama kawaida. Asee, kwa mara ya kwanza India mtu akanichukulia kama mwenyeji wa huko huko, na mi ndo nikawa sielewi anachosema! Tulivyoshuka tukamalizia na bajaji. Wenyewe hawaiti bajaji, wanaita riksha, nikawaambia sisi kwetu tunaiita kwa jina la kampuni yenu, dereva akacheka akanipunguzia bei.

Kijiji chenyewe sitakitaja jina. Mi nilikua natarajia nyumba za udongo na vumbi, nikakuta barabara ya lami na majumba ya ghorofa yenye nguzo na vibaraza, mengine yamefungwa makufuli yenye kutu. Unapita mtaa mzima husikii sauti ya mtoto. Unauliza hapa wako wapi, unaambiwa London. Hapa? New Jersey. Pale? Nairobi, halafu Leicester. Eneo lote hilo wanaita Charotar, limetoa watu kwenda Afrika Mashariki toka enzi za Mwingereza, na hela zinarudi, ukipita kijiji cha Dharmaj kilichopo jirani benki zimejipanga kama maduka ya simu Kariakoo.

Getini tukapokewa na mwanaume wa miraba minne, ana masharubu kama pembe za nyati. Rafiki yangu kwa furaha kabisa akaniambia, "Huyu ni mama yangu." Nikamwangalia. Nikamwangalia tena. Mama kwao ni mjomba. Hapo hapo akatokea mwingine mwenye kipara, "na huyu kaka," kaka ndo baba mdogo. Ukutani kuna picha ya mzee imevishwa shada la maua, "huyu dada, alishafariki," dada ndo babu. Yaani familia nzima imegeuzwa chini juu, siku mbili za kwanza nilikua napiga hesabu kichwani kabla ya kumwita mtu.

Halafu akatoka Ba. Mdogo, kainama, sari nyeupe, miguu peku. Sijui nini kilinituma, nikainama nikasema "Shikamoo Ba."

"Marahaba," akajibu papo hapo, kama alikua amesimama pale miaka hamsini anaisubiri. Nyumba nzima ikanyamaza. Wajukuu hawajawahi kusikia hilo neno. Akanishika mkono, "Wewe natoka wapi?" Mwanza, Ba. "Mwanza!" akakaa chini kwenye kile kitanda cha kamba cha barazani. "Mimi nakaa Mwanza. Makoroboi. Ile jiwe ya Bismarck bado iko?" Nikamwambia bado lipo Ba, haliendi popote lile.

Maji yakaletwa, na hapa niwaonye mnaotaka kwenda. Kule chombo cha maji ni cha wote, hakigusi mdomo, unakiinua juu unamimina maji yaingie kooni yenyewe. Mi nilimimina yakaingia puani na kifuani, watoto wakagaragara chini kwa kicheko. Mpaka siku ya tatu ndo nikaweza, na shati likiwa kavu kabisa nilipigiwa makofi.

Chakula ndo usiseme. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai hakuna, na bia usiulize, Gujarat pombe ni marufuku toka jimbo lilipoanzishwa 1960. Mi Msukuma nilijua nitakufa. Lakini ikaja rotla, mkate mnene wa uwele anaoupiga Ba kwa viganja, pap pap pap, hatumii kibao wala mti wa chapati, unaiva kwenye kikaango cha udongo halafu anautoboa kwa kidole anazika humo donge la siagi nyeupe. Pembeni bilinganya la kuchoma lililopondwa na vitunguu majani, kipande cha sukari guru, na bilauri ya mtindi mwembamba. Uwele huo huo asili yake Afrika, ulisafiri kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, na sisi huku tumeuacha tunasema chakula cha njaa. Nilikula rotla nne. Ba ananiangalia, kila nikipunguza kasi anasema "Ongeza."

Saa kumi na mbili asubuhi ya pili mjomba (mama!) akaniamsha twende na maziwa. Wana nyati wanne. Kwetu nyati ni mnyama anayeua watu, ukimuona unapanda mti, hapa kuna nyati ana jina, mama mzazi wa rafiki yangu anamsukuma ubavuni kwa kiwiko, "sogea huko," na mnyama anasogea. Akamkamua kwenye ndoo ya stili, tukabeba mpaka kwenye chama cha maziwa cha kijiji. Ni kajengo kadogo tu, kadirisha kamoja, na foleni. Mwenye nyati mmoja, mwenye kumi, mama aliyebeba lita moja na nusu kwenye kopo, wote mstari mmoja. Ukifika, karani anachota maziwa kidogo sana anaweka kwenye kimashine, sekunde chache inasoma mafuta. Sisi ilisoma 6.9. Maziwa ya ng'ombe mara nyingi yanacheza kwenye 4 hivi, kwa hiyo ukitia maji unajiibia mwenyewe, maana unalipwa kwa mafuta sio kwa ujazo. Risiti ikatoka, namba ya mwanachama, lita, mafuta, rupia, hela inaingia akaunti. Jioni tena hivyo hivyo. Kila siku, mara mbili!

Nilisimama pale nikiwa na hasira kidogo, niseme ukweli. Kwetu kuna ng'ombe wengi mno, na asubuhi dukani mjini tunanunua maziwa ya paketi. Na ushirika tulikua nao, tena wa pamba, mkubwa tu, Nyanza, babu zangu waliuzia huko. Hawa walianza na maziwa ya vijiji vichache, na toka mwishoni mwa miaka ya 90 nchi yao ndo ya kwanza duniani kwa maziwa. Hawana ng'ombe wa maajabu. Wana kamashine na karani anayefungua dirisha kila siku kwa saa ile ile.

Ila nisije nikawapaka mafuta sana. Foleni ya maziwa ni moja, lakini kijiji sio kimoja. Tukitembea mashambani kuna tumbaku imesimama mpaka kiunoni, majani mapana ya kijani, wanawake wameinama wanang'oa vichipukizi, vidole vimekua vyeusi kwa utomvu. Nikamuuliza rafiki yangu hawa wanakaa wapi, akanionesha kwa kidevu nyumba za bati ng'ambo ya mfereji. Twende tukawasalimie? Akasema tutachelewa. Kuchelewa nini, tulikua hatuna kazi yoyote. Siku zote tano hatukuvuka ule mfereji.

Usiku wa tatu tukaenda kumwagilia ngano saa nane za usiku. Umeme wa mashamba una laini yake, tofauti na wa majumbani, ulikua unakuja masaa manane tu kwa siku tena kwa zamu, wiki hiyo zamu yao iliangukia usiku. Baridi ile watu wa Makete tu ndo wangenielewa. Kaka, yule baba mdogo, kajifunga shali kichwa kizima, pampu ikawashwa, maji yakatoka ardhini yana uvuguvugu yanafuka moshi, na kazi yetu ilikua kufungua na kuziba vijaruba kwa jembe. Nikaomba jembe. Alivyoniona navyolishika akamwambia mpwa wake kitu, wakacheka, nikaambiwa anasema huyu ndo mkulima, wewe ni mgeni. Sifa hiyo nimeitunza.

Lakini muda mwingi nilikaa na Ba. Aliolewa akaletwa Afrika binti mdogo kwa meli inaitwa Karanja, mi nikasikia karanga, akashuka Dar, akapanda treni mpaka Mwanza. Mumewe alikua na duka la vitambaa chini, wao wanaishi juu. "Mwaka sabini na moja serikali nachukua nyumba," akasema, sauti ile ile aliyotumia kusema chumvi imeisha. Shuleni sisi tulifundishwa utaifishaji wa majengo ya 1971 kwa pointi, faida namba moja, faida namba mbili, na mi nilipata vizuri tu. Sasa nimekaa na mwenye nyumba nakunywa chai yake ya tangawizi. Nikakosa la kusema, nikapuliza chai.

Halafu kuna kitu nikakigundua taratibu. Kiswahili cha Ba kilikua kingi kuliko nilivyodhani, lakini kilikua cha aina moja. Lete. Weka. Osha. Funga mlango. Ngoja. Haraka. Punguza moto. Kesho kuja mapema. Alikua akiyakumbuka anafurahi kama mtoto anayeokota maembe, na mi nacheka nae, ila kila neno lilikua na mtu upande wa pili anayetumwa. Nikamuuliza Ba, Kiswahili ulifundishwa na nani? Akasema yaya. Msukuma, alikua anakuja kila siku na miguu kutoka huko nyuma ya milima. Anaitwa nani? Akafikiri. Akauma upande wa sari, akafikiri sana. "Yaya," akasema. "Sisi nasema yaya tu."

Nadhani swali lile lilimkera, au lilimuumiza, maana jioni ile hakuja barazani. Asubuhi ya sikukuu wote tulikua juu ya paa na tiara, uzi ule una unga wa kioo ulinichana kidole cha shahada mpaka leo alama ipo, Ba akabaki chini.

Siku ya kuondoka nilifungiwa rotla kwenye gazeti, achari ya embe kwenye chupa na guru kilo nzima. Bajaji ishawaka. Saa tisa alasiri, jua kali. Ba akatoka anatembea haraka haraka akininyooshea kidole, kama mtu aliyekumbuka kitu kaacha jikoni, akasimama mbele yangu akavuta pumzi.

"Mwangaluka," akasema. "Yaya nafika mlango, kila siku nasema hivyo. Mwangaluka."

Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, saa tisa alasiri hatusemi hivyo. Nikamjibu, mwangaluka Ba.