Desibeli 0.3 za ukingoni

Jumanne, saa nne usiku.

Leo mchana nimetoka maabara nikitabasamu peke yangu barabarani. Sasa nimekaa na karatasi iliyojaa hesabu na sitabasamu tena. Naandika kabla sijalala, nisije nikaamka kesho nimejisahaulisha.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: niko Uingereza kwa masomo ya uzamivu, na kazi yangu ni kusanifu swichi ya mwanga inayochagua mawimbi. Ndani ya uzi mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, hupita mawimbi 80 au zaidi kwa pamoja, yote kati ya nanomita 1,530 na 1,565 hivi, kila moja na mzigo wake wa data. Yakifika njia panda, hili liende mji huu, lile liende mji ule. Zamani ilibidi mwanga ugeuzwe umeme, upangwe, kisha ugeuzwe mwanga tena. Swichi yetu inaupanga ukiwa mwanga vilevile.

Nitalisema hili mpaka mnichoke, maana nalipenda. Mwanga unatoka kwenye uzi na kupiga gretingi, kioo kilichochanjwa mistari mamia kwa mamia katika kila milimita, nao unatawanyika kama upinde wa mvua. Kila wimbi linatua mahali pake kwenye paneli ya silikoni iliyofunikwa fuwele za kimiminika. Tukizipa pikseli zake volti kwa mpangilio wa kupanda kama mteremko wa paa, mwanga unarudi kwa pembe tuitakayo na kuingia uzi tuutakao. Hakuna kioo kinachogeuka wala mota inayozunguka. (Fuwele hizo hutii mwanga unaotikisika upande mmoja tu, kwa hiyo kwanza tunaugawa mwanga sehemu mbili na kuigeuza moja ifuate upande huo. Jambo hilo lilinila mwaka wa kwanza mzima.)

Siku hizi kinachonila ni kingo. Kila wimbi limepewa njia yake. Njia yenye upana wa gigahezi 50 ni kama nanomita 0.4. Katikati ya njia mwanga unapita bila taabu. Lakini doa la mwanga linalotua kwenye paneli lina upana wake, na likifika mpakani, sehemu yake inaangukia pikseli za jirani. Ndiyo maana ukingo hausimami wima kama ukuta, unainama. Leo nilipima karibu na ukingo nikapata hasara ya desibeli (kipimo cha mwanga unaopotea) 0.3 tu zaidi ya katikati. Yaani katika kila mia, 93 zinapita. Nikashangilia.

Jioni nikampigia mdogo wangu. Yeye ni fundi wa faiba huko nyumbani Tanzania, anashinda kwenye mitaro akiunga mkongo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo nimepata 0.3!"

Akanyamaza kidogo. "Dada, mimi kiungo kikisoma 0.1 nakikata, naunga upya. Njiani viungo ni vingi."

Hakuwa ananibishia, alikuwa anaeleza kazi yake. Nilipokata simu nikachukua karatasi. Wimbi linalokwenda mbali halipiti swichi moja. Likipita swichi 10, desibeli zinajumlishwa: 0.3 mara 10 ni 3, na desibeli 3 ni nusu ya mwanga. Ingekuwa nusu ya wimbi zima, amplifaya ingefidia. Hii ni nusu ya pembeni peke yake. Wimbi linafika limenyolewa huku na huku, na ukilazimisha kingo zirudi, kelele nazo zinapanda pamoja nazo.

Siwezi kulichukulia hili kama zoezi la darasani. Nakumbuka kabla ya 2009, mkongo wa SEACOM ulipokuwa haujafika pwani yetu, tulivyokaa kafe ya intaneti tukisubiri ukurasa mmoja ufunguke. Hata sasa, Burundi na Rwanda hazina bahari. Mwanga unaofika pwani bado una safari ndefu bara. Kila kilomita ya safari hiyo ni ya mtu anayesubiri.

Dawa naijua: doa liwe dogo. Ila ili doa lipungue, mwale unaopiga gretingi lazima uwe mpana zaidi, basi gretingi ikue, lenzi ikue, na kisanduku kirefuke. Nami ndiye niliyepigania kisanduku kifupi, nikakubaliwa, na vipuri vingine vimeshaagizwa kwa kipimo hicho.

Kesho saa tatu asubuhi nina kikao na msimamizi wangu. Nimechora upya, mwale umetanuka kwa theluthi moja. Sijui atasemaje kuhusu urefu. Mdogo wangu amenitumia picha ya mashine yake, kiungo cha mwisho cha leo: 0.02. Nimeichapisha, nimeibana pamoja na mchoro.