Andrea naye mvuvi jamani

Huku kwetu Kigoma ukisema mtume mvuvi kila mtu anakurupuka na Petro, Petro, Petro, utadhani alikuwa anavuta nyavu peke yake. Mi nipo upande wa Andrea na leo ntamtetea kidogo.

Jamaa katokea Bethsaida, ziwani kabisa, na kabla ya Yesu alikuwa mwanafunzi wa Yohane Mbatizaji. Soma Yohane sura ya 1, yeye ndo aliyemfuata Yesu mapema halafu akaenda kumtafuta nduguye Simoni, ndo huyo Petro, akampeleka, sasa bila Andrea huyo Petro wenu angefikaje pale? Njoo sura ya 6, watu elfu tano wana njaa, Filipo anapiga mahesabu ya hela, Andrea ndo anasema kuna mtoto hapa ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Nilimsimulia hiyo mzee mmoja pale mwalo wa Kibirizi, anashona wavu wa dagaa, uzi kaung'ata kwenye meno, akauliza bila hata kuniangalia, "Hao wawili migebuka au?" Nikamwambia mzee wangu, haijaandikwa. Akasema sawa, ila mvuvi akifika mahali lazima ajue nani ana samaki, hata wawili. Mahubiri yote niliyosikia hakuna aliyenieleza hivyo.

Mapokeo yanasema alisulubiwa Patras, Ugiriki, kwenye msalaba wa umbo la X, kafungwa kamba sio misumari, na ule mkato mweupe kwenye bendera ya Uskoti ndo huo msalaba wake, maana ni msimamizi wao. Sikukuu yake ni 30 Novemba, bahati mbaya inagongana na Majilio, watu akili zote ziko kwenye mazoezi ya kwaya ya Krismasi basi anapita kimyakimya.

Masalia yake nayo yamesafiri balaa. Mwaka 357 yakapelekwa Konstantinopoli, 1208 yakafika Amalfi kule Italia, na kichwa kikaingia Roma 1462 enzi za Papa Pius II, kikakaa kwenye Basilika la Mtakatifu Petro mpaka 1964 Papa Paulo VI alipowarudishia Waorthodoksi wa Patras. Miaka mia tano na zaidi! Nilivyomwambia yule mzee akacheka mpaka uzi ukamtoka mdomoni, "Kumbe hata alivyokufa bado kaenda kukaa kwa Petro."