Igeuze kwanza, utazame kitako

Ukiletewa sanamu ya Buddha ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikadaiwa ni ya enzi ya mfalme Yongle (1403–1424), zile zilizosubiwa China na kupelekwa kwa malama (viongozi wa dini ya Kibudha) wa Tibet, usianzie usoni. Igeuze. Bamba la chini hubanwa kingo zake pande zote, na katikati huchongwa vajra (alama ya Kibudha ya radi) mbili zilizopishana. Ndani hutiwa karatasi za maombi. Bamba likishabanduliwa, thamani imeshapungua. Herufi sita za Kichina zinazotaja enzi hiyo ziko mbele, juu ya kitako, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Dhahabu ya kale ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, ikachomwa mpaka zebaki ikaruka. Hulika magotini na puani, panaposhikwa sana, wekundu wa shaba ukachungulia. Iking'aa sawasawa kila mahali, shuku kuwa dhahabu ilipakwa kwa umeme, njia ya kisasa.

Na tafadhali sana, msifute uso kwa kitambaa chenye maji! Watibeti hupaka usoni unga wa dhahabu uliokorogwa na gundi. Mpanguso mmoja tu, umekwenda. Tumia brashi laini, kavu. Ukiona vidoa vya ungaunga wa kijani kibichi, ni kloridi (aina ya chumvi) inaila shaba: shusha unyevu wa kabati chini ya asilimia 40, umwite fundi wa uhifadhi.