Kiti cha Spika na hesabu ya kura moja: British Columbia, 2017–2020

Ukitaka kuelewa serikali isiyo na wingi wa wabunge inavyoishi, anza na kiti cha Spika. Sera baadaye. Bunge la jimbo la British Columbia, Kanada, ni somo zuri mno.

Uchaguzi wa 9 Mei 2017 uligawa viti 87 hivi: chama cha Liberal 43, New Democratic Party (NDP) 41, chama cha Kijani 3. Wingi ulikuwa 44. Liberal walipungukiwa kiti kimoja tu, na eneo la uchaguzi la Courtenay-Comox waliikosa kwa kura 189! NDP na Kijani wakatiliana saini makubaliano: Kijani wangeunga mkono bajeti na kura za imani (zile ambazo serikali ikishindwa, inaanguka), kwenye miswada mingine walikuwa huru.

Waziri Mkuu wa jimbo, Christy Clark wa Liberal, hakujiuzulu. Alilikabili Bunge, na hiyo ni haki yake. Lakini Spika, Steve Thomson, alikuwa mbunge wa Liberal, na kwa kuwa Spika hapigi kura za kawaida, wakabaki na kura 42. Tarehe 29 Juni serikali ikaanguka, 44 kwa 42. Clark akaomba Bunge livunjwe. Luteni Gavana Judith Guichon, mwakilishi wa Malkia katika jimbo, akakataa, akamwita John Horgan wa NDP. Wengi hudhani serikali ikianguka lazima wananchi warudi kwenye masanduku. Si lazima: wiki saba tu zilikuwa zimepita tangu uchaguzi, na mwingine alikuwa na kura za kutawala.

Thomson aliachia uspika siku hiyohiyo, na sasa shida ikawa ya Horgan. Akitoa Spika upande wake, inakuwa 43 kwa 43. Spika hupiga kura zinapolingana tu, na desturi humtaka asipitishe jambo ambalo Bunge lenyewe halijalipa wingi. Kutawala hivyo kila siku ni mateso.

Aliyefungua fundo ni Darryl Plecas, mbunge wa Liberal, aliyekubali uspika tarehe 8 Septemba. Chama chake kikamfukuza. Clark naye alikuwa ameacha ubunge, hivyo hesabu ikawa 44 kwa 41. Uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha Clark, Kelowna West, Februari 2018, ukawarudishia Liberal mmoja. Kisha mbunge wa NDP wa Nanaimo akaondoka kuwa meya. NDP wangeshindwa uchaguzi mdogo wa pale, 43 kwa 43 ingerudi. Walishinda, 30 Januari 2019.

Makubaliano yalimzuia Horgan kuomba Bunge livunjwe kabla ya kushindwa kura ya imani. Hakushindwa, lakini Septemba 2020 aliitisha uchaguzi, mwaka mzima kabla ya wakati. Alipata viti 57. Saini yake, hata hivyo, aliivunja.