Mafua yalivyopita nyumba ya shangazi, Temeke

Aliyeanza ni mjukuu wa darasa la pili. Alirudi shule Jumatatu, chakula akakisukuma pembeni, na magharibi ilipoingia joto lilikuwa 39.2, kikohozi kikavu, miguu inauma. Shangazi alishahukumu: ni mvua iliyomnyeshea kituoni akisubiri daladala. Nilikuwa muuguzi wa zahanati, nimejihifadhi kwake kwa sababu masika yalikuwa yamefunga njia ya kwangu.

Dar, homa ya mtoto haiitwi mafua kabla ya kupima malaria. Tone la damu ya kidole kwenye kipimo cha haraka, tukasubiri dakika 20. Ukajitokeza mstari mmoja tu, ule wa C, unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi. Hakuna malaria.

Mvua humfungia mtu ndani, hapo ndipo lawama yake inapoishia. Kirusi kilitoka kwa mtu mwingine, yumkini darasani. Nyumbani kilikuta njia nyeupe: kitanda cha tano kwa sita, mtoto katikati, bibi yake upande huu, mdogo wake wa miaka mitatu upande ule, neti moja, dirisha limefungwa. Mwenye homa ya mafua huanza kutoa virusi kama siku moja kabla hajahisi lolote. Kwa hiyo usiku wa Jumapili, mtoto akiwa mzima kabisa kwa macho, huenda wenzake walikuwa wanavuta pumzi yake.

Tulianza na malazi. Shangazi ana kisukari na umri umesogea, akahamishiwa sebuleni. Mama mtu alibaki na watoto, mgonjwa akapewa godoro lake chini. Mita mbili kati yao chumba kile hakina, basi wakalala mzungu wa nne. Dirisha na mlango vikaachwa wazi ili hewa ipite, neti ikabaki kwa ajili ya mbu, feni ikageuzwa ipulize kuelekea nje badala ya kumpitia mgonjwa na kuwafikia wengine.

Kisha vikombe. Juu ya ndoo ya maji ya kunywa kilikaa kikombe kimoja cha nyumba nzima; mgonjwa akatengewa chake. Lililonishughulisha zaidi ni upindo wa kanga. Mama mtu alimfuta mtoto kamasi kwa upindo, akaukunja kiunoni, na kwa mkono ule ule akamega ugali wa mdogo. Kwenye nguo kirusi huweza kudumu saa 8 hadi 12, kwenye kitasa au rimoti siku moja hata mbili. Mkononi ni dakika chache tu, ila pua haiko mbali na mkono. Tukaweka ndoo ya koki mlangoni na sabuni ya kipande: sekunde 20, kwani sabuni huvunja ganda la mafuta linalokifunika kirusi. Vitasa tulifuta kwa klorini ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, ikichanganywa upya kila siku. Kusema kweli, dirisha nililihesabu zaidi kuliko klorini.

Dawa ilikuwa parasetamoli ya maji, mililita 10 kwa mtoto wa kilo 22, kila baada ya saa sita. Aspirini hapana, kwa mtoto mwenye mafua inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Amoksilini iliyokwisha kununuliwa duka la dawa ikabaki kwenye pakiti, haigusi kirusi.

Shangazi alishaweka sufuria ya mwarobaini na mchaichai jikoni.

"Nawafukiza wajukuu zangu. Sisi tumelelewa hivyo."

"Ndiyo, shangazi. Ila mtakuwa vichwa vitatu ndani ya blanketi moja, na mmoja anakohoa. Na maji yamechemka."

Akasonya, akaenda kujifukiza peke yake.

Jumatano yule mdogo akaanza. Usiku nilimhesabia pumzi amelala, nikiangalia kifua kwa mwanga wa simu, dakika nzima: 34. Kwa umri wake, 40 na kuendelea ingekuwa safari ya hospitali usiku ule ule, vivyo hivyo kama nyama za chini ya mbavu zingebonyea akivuta pumzi.

Alhamisi mama mtu na shangazi, wote wawili. Mafua huchukua siku moja hadi nne kujitokeza, hivyo shangazi huenda aliyabeba kutoka kitandani kabla hatujamhamisha. Mjomba, anayelala chumba cha uani na kuondoka alfajiri kwenda Kariakoo, hakupiga hata chafya.

Shangazi hatukumngoja azidiwe. Ijumaa asubuhi alipelekwa hospitali, maana homa hupandisha sukari. Ilikutwa 15 (mmol/L), juu ya kawaida, akarekebishiwa dozi na kurudi nyumbani. Homa ilimtoka baada ya siku nne. Kikohozi kilikaa wiki mbili na ushei, na muda wote huo mama mtu alimkatalia mjukuu wa darasa la pili kurudi kitandani kwa bibi, pamoja na kwamba bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwita.