Mlima Kenya: Kupanda kwa Sirimon, Kushuka kwa Chogoria

Njia ya Sirimon haianzi kwa makuu. Unatoka Nanyuki kwa lami kuelekea kaskazini, unakata kulia hadi lango la hifadhi, unalipa, kisha kilomita tisa za kwanza ni barabara ya gari tu, ndani ya msitu wa mipodo na mierezi. Tuliimaliza kwa porojo. Tulipofika kambi ya Old Moses, mita 3,300, porojo zilikatika zenyewe. Sisi watu wa Mombasa tumezoea kulala na feni. Huku tulilala na kofia za sufu na soksi mbili mbili.

Asubuhi kiongozi wetu, mtu mzima wa Chogoria aliyeupanda mlima huu tangu ujanani, aliniita kando ya njia. Alichutama penye lobelia iliyoota chini kabisa, majani yake yamejipanga duara. Katikati mlikuwa na maji, na juu ya maji utando wa barafu mwembamba, ukiubonyeza kwa ukucha unatoboka. Usiku majani hujifunga, akanieleza. Maji yakiganda juu, ya chini hubaki maji, na kichipukizi kinapona baridi. Niliutoboa, nikajuta kidogo.

Bonde la Mackinder ni refu na linachosha, lakini mwisho wake ndipo Batian, kilele cha juu kabisa, inapokusimamia mbele, nyeusi, imechongoka. Kambi ya Shipton iko chini yake, kama mita 4,200. Pimbi wa pale hawamjui mtu: mmoja alinyakua chapati ya binamu yangu mbele ya macho yake, mpishi akacheka hadi akakaa chini.

Tuliondoka saa tisa usiku. Si kwa ajili ya mawio peke yake, kama wengi wanavyodhani. Usiku kokoto za mteremko zimeshikamana kwa baridi. Jua likizipata zinalegea, na kila hatua mbili unarudishwa moja. Kichwa kiliniuma, nikawa naharakisha ili yaishe.

“Dada, tembea kama umebeba ndoo ya maji kichwani,” kiongozi wetu akaniambia.

“Sawa, mzee.”

Nikapunguza mwendo, na kweli pumzi zikarudi.

Lenana, kilele tulichokiendea, ni mita 4,985. Batian yenyewe, 5,199, na Nelion, 5,188, ni za wenye kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Majina yote matatu yametokana na ukoo wa malaiboni, viongozi wa kidini wa Kimaasai, na Lenana, mwana wa Batian, ndiye aliyeachiwa sisi wa miguu. Kileleni tulipanga foleni kupiga picha kwenye kibao. Mimi nilitaka zaidi kuiona barafu ya Lewis. Mzee alinyoosha fimbo chini yetu: kipande cha kijivu, kimechafuka vumbi, kimebana kwenye mwamba. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima huu ulihesabiwa barafu za kudumu 18. Ile ya Gregory, iliyokuwa imeungana na Lewis, haipo tena. Sikupiga picha.

Kusema kweli, kama safari ingeishia pale ningerudi nyumbani nimenuna. Lakini tulishuka upande wa mashariki, na kutoka jabali la Temple tukaliona ziwa Michaelson mita mia kadhaa chini, limezungukwa na kuta za mawe. Barafu ya zamani ndiyo iliyolichimba bonde lile. Njia ya kuteremkia ni kali, magoti yalilia, mpagazi wetu akapita mbio na hema begani akipiga mluzi.

Pale hatukuwa na kibanda wala foleni. Tulipiga hema karibu na maji, mpishi akasonga ugali na kukaanga sukuma, na sote tukala kutoka sinia moja, wapagazi na sisi. Ziwani ndiko unakotoka mto Nithi, ambao maji yake huingia Tana na kumwagika baharini Kipini. Nilipowaambia kwamba Kipini nina shangazi, mzee alisema basi nimsalimie, na nimwambie maji yake mengi hutokana na mvua na msitu wa hapa, si ile barafu ya juu, asije akakosa usingizi.

Ukipata muda wa kulala mahali pamoja tu zaidi ya ratiba, ulale Michaelson. Mawakala wengi huipita kwa juu kwa sababu kushuka na kupanda tena kunakula saa, kwa hiyo sema mapema, kabla hujalipa.