Kumbukumbu ya mradi: grafu ya nguzo kutoka kwenye orodha, kwa Scratch

Scratch ni lugha ya kuandika programu kwa kuunganisha bloku. Lengo ni orodha moja ya namba na grafu inayojichora upya kila namba zinapobadilika. Orodha ya sasa ina namba 12, na kubwa kuliko zote ni 350.

Jukwaa la Scratch, yaani eneo la kuchorea, ni 480 kwa 360, sifuri ikiwa katikati. Nguzo 12 zenye nafasi ya 36 kila moja zinakula 432, zinabaki 24 kila upande. Kwa hiyo katikati ya nguzo namba i ni x = -198 + (i - 1) × 36, na kitako cha zote ni y = -140. Kimo ni namba gawanya kwa 350, zidisha kwa 280: 75 inatoa 60. Hiyo 350 isiandikwe kwa mkono. Kitanzi kifupi (bloku zinazorudiwa) kipite kwanza kwenye orodha na kuitafuta.

Kihesabio, yaani ile i, kianze 1. Kikianza 0, Scratch hailalamiki: inasoma nafasi isiyokuwepo kama sifuri, inachora nguzo isiyo na kimo pale x = -234, kisha inamaliza bila kuifikia namba ya 12.

Tatizo kubwa ni kalamu nene. Ukiweka unene 24 nguzo inapatikana kwa mstari mmoja, lakini ncha za kalamu ni za mviringo, zinazidi 12 juu na 12 chini. Nguzo ya 60 inaonekana 84, na sifuri inakuwa doa. Grafu kama hiyo inadanganya, hasa kwenye namba ndogo, na haifai kuachwa hivyo. Dawa ni unene 1, na kitanzi cha ndani kinachochora mistari wima 24 iliyobanana. Kalamu iinuliwe kabla ya kila kuhama, la sivyo mistari ya mshazari inatapakaa.

Sasa mizunguko ni 288, na kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde uchoraji unachukua karibu sekunde 10. Uhamishie ndani ya bloku yako mwenyewe, uweke tiki kwenye chaguo la kuendesha bila kuchora skrini upya. Grafu inatokea papo hapo.

Hatua inayoendelea: picha ya vidoti, mistari 10 ya mlalo yenye safu wima 16, yote ndani ya orodha moja ya vitu 160. Nafasi ni mstari × 16 + safu + 1, mstari na safu zikihesabiwa kuanzia 0. Kinachozidishwa ni idadi ya safu. Ukizidisha kwa 10, kila mstari unarudia vitu sita vya mwisho vya mstari uliotangulia, picha inalala upande, na vitu vya 107 hadi 160 havichorwi kabisa. Ili kuhakiki, jaza orodha sifuri tupu, kisha weka 1 kwenye nafasi ya 17. Doa likitokea mwanzo wa mstari wa pili, fomula iko sawa. Likitokea safu ya saba ya mstari huo, umezidisha kwa 10.